Tumemsahau Mwenye Nyumba ya Wageni



Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa letu husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Baragumu hulia, mkuki na ngao huwekwa penye mnara, mashada ya maua hulazwa, nasi twawaombea marehemu waliomwaga damu yao kwa ajili ya nchi. Ni jambo jema na la haki. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, Kanisa nalo humkumbuka askari aliyevunjwa mguu vitani akawa mtakatifu, yaani Inyasi wa Loyola. Kati ya siku hizi mbili twataka leo kusema habari za mtu ambaye hana mnara wala sikukuu. Si yule aliyekufa vitani, wala si yule aliyerudi na jeraha. Ni yule aliyempokea mlangoni, na tangu saa ile hajapata usingizi wa usiku mzima.

Twasema habari za wauguzaji wa askari walioumia: mke, mama mzazi, dada, pengine mtoto wa kike ambaye angekuwa shuleni. Hatusemi habari za wauguzi wa hospitali, ambao wamesomea kazi yao na kulipwa mshahara. Twasema juu ya wale waliojifunza kazi hiyo kwa usiku mmoja, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

WATU HAWA SI WA JANA

Nchi yetu imewajua watu hawa kwa muda mrefu. Katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 wanaume wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Katika vita vya pili vijana wa Tanganyika walipelekwa pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda na Nyasa mpaka Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliorudi wazima walirudi mashambani. Waliorudi wamelemaa walirudi kwa mama zao na wake zao, na hakuna daftari lililoandika kazi ya wanawake hao.

Ikaja vita ya Kagera. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na kabla vita haijaisha katikati ya mwaka 1979, vijana wetu walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka mipaka ya mbali ya Uganda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku zile sasa ni mzee anayekaribia miaka 70. Kama alikatwa mguu, basi mke wake amekuwa akimsaidia kupanda na kushuka kitanda kwa miaka zaidi ya 40. Mama huyo naye ni mzee sasa. Magoti yake yauma, mgongo wake umepinda, lakini mgonjwa wake hajawa mwepesi hata kidogo.

Hata katika miaka hii ya karibuni hatukupumzika. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika eneo la Beni, Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Taifa zima lililia. Majina ya waliokufa tuliyasikia. Waliojeruhiwa tulisikia hesabu yao tu. Na wale walioacha mashamba na vibanda vyao vya sokoni ili kuwauguza, hata hesabu yao hatukusikia.

KOSA LANGU MWENYEWE

Naomba wasomaji waniruhusu nisimulie kosa langu, kwani asiyekubali kosa lake hafai kuwahubiria wengine.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa padre mpya parokiani, nilikuwa nikiwapelekea wagonjwa Komunyo takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Katika nyumba mojawapo alilala askari aliyepigwa risasi ya mgongo akiwa katika ulinzi wa amani ng'ambo ya mpaka. Tangu kifuani kushuka chini hakuwa na nguvu wala hisia. Nilikuwa nikiingia, nikimsalimu, nikimwuliza alivyolala, alivyokula, na kama maumivu yamepungua. Tukisha kusali nampa Komunyo, nambariki, naaga. Mke wake hunisindikiza mpaka njiani, kama ilivyo desturi yetu.

Ijumaa moja tulipofika penye mwembe, mama yule alisimama. Akasema kwa sauti ya chini, bila ya hasira, “Padre, huu ni mwaka wa pili waja kwetu. Kila ukija wamwuliza baba watoto hali yake. Mimi hujaniuliza hata siku moja.”

Sikuwa na neno la kujibu. Akaendelea, “Tena sijapokea Komunyo tangu Pasaka ya mwaka jana. Siku ya Dominika nikija kanisani, nani atabaki naye?”

Nilikitazama kile chombo kitakatifu nilichokuwa nimekibeba kifuani. Kwa muda wa karibu miaka miwili nilikuwa nikiitilia nyumba ile hostia moja tu. Nilileta chakula cha mtu mmoja katika nyumba yenye wenye njaa wawili. Mmoja wao nilimwona kwa sababu alilala kitandani. Wa pili sikumwona kwa sababu alisimama wima.

Ndugu zangu, nadhani kosa hili si langu peke yangu. Twaingia katika nyumba ya mgonjwa, macho yetu yakaenda moja kwa moja kitandani. Twatoa pole, twatoa matunda, twasali, twaondoka. Na yule aliyetukaribisha kiti, akatuletea maji ya kunywa, akasimama nyuma ya mlango akisikiliza kama mgonjwa ameita, twamwona kama sehemu ya nyumba, kama nguzo iliyochimbiwa pale tangu zamani.

ALIYEBAKI NYUMA

Kila Mkristo aujua mfano wa Msamaria mwema, katika Injili ya Luka, sura ya 10. Tumeuhubiri mara nyingi, nasi twajitahidi kufanana na Msamaria: kusimama njiani, kushuka, kufunga majeraha, kumpandisha mtu juu ya mnyama wetu. Lakini je, mmepata kumfikiri yule mtu wa mwisho katika mfano ule, yule mwenye nyumba ya wageni?

Msamaria alikaa na majeruhi usiku mmoja. Kulipokucha alishika njia yake, kwa kuwa alikuwa na safari. Aliyebaki ni mwenye nyumba. Injili haituelezi siku zake, lakini aliyepata kuuguza ajua zilivyokuwa. Ndiye aliyevibandua vile vitambaa vilivyoshikamana na damu. Ndiye aliyenyanyua kichwa cha mgonjwa ili anywe. Ndiye aliyesikia akipiga kelele usiku, akiota tena wanyang'anyi wa njiani. Msamaria alifanya tendo kubwa la siku moja. Mwenye nyumba alifanya matendo madogo ya siku nyingi. Bila yeye, divai na mafuta ya Msamaria yangepotea bure. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2020 juu ya udugu wa wanadamu, alitukumbusha jambo hilo hilo: hata Msamaria mwema alihitaji nyumba ya kumsaidia, kwani peke yake asingeweza.

Basi, tuangalie vema Msamaria alimtendea nini mtu huyo. Hakumkabidhi mgonjwa kwa maneno matupu. Alifanya mambo matatu. Kwanza, alimpa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, na alimpa kabla hajaanza kazi. Pili, aliahidi kumlipa kila gharama itakayozidi. Tatu, aliahidi kurudi.

Je, sisi tumefanyaje? Gari lafika, machela yashushwa, mke aambiwa, “Mama, mtunze mgonjwa wako.” Neno la kutunza tumelitoa. Dinari mbili ziko wapi? Gharama za ziada nani azilipa? Nasi tumerudi lini kumwona?

KUUGUA NA KUUGUZA

Lugha yetu yenyewe yatufundisha. Kuugua na kuuguza ni maneno ya shina moja, wala hayaachani. Aliyelala augua, aliyeketi kando yake auguza, na mara nyingi, baada ya miaka, huyu wa pili naye huanza kuugua.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali waona ni mwepesi. Basi tuukaribie tuuone uzito wake.

Mtu asiye na hisia miguuni na kiunoni hana budi kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ama sivyo mwili wake utafanya vidonda kwa kulala upande mmoja, na vidonda hivyo vyaweza kumwua. Hesabu wewe mwenyewe: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili alfajiri. Kisha kuna mpira wa mkojo ambao lazima uwe safi, kwa maana uchafu kidogo huleta homa kali. Kuna kunawisha, kulisha, kunyoosha viungo visikakamae. Kuna safari za hospitali kwa gari la kukodi, kwa sababu kiti cha magurudumu hakiingii kwa urahisi katika daladala. Na baada ya hayo yote kuna shamba, kuna watoto, kuna kuni na maji.

Tena kuna majeraha yasiyoonekana. Askari aweza kurudi na mikono miwili na miguu miwili, lakini roho yake ikabaki kule alikoona wenzake wakifa. Mlango ukipigwa kwa ghafula, aruka. Fataki za harusi zikilia, ajificha. Usiku apiga kelele, mchana ananyamaza. Waganga wa siku hizi waujua ugonjwa huu na wana dawa na njia za kuutibu. Si wazimu, si uoga, wala si uchawi wa mtu. Mwingine amepigwa kichwani, na tabia yake imegeuka: aliyekuwa mpole sasa hukasirika upesi, aliyekuwa na kumbukumbu njema sasa husahau jina la mtoto wake. Mke wake anaishi na mume wake, na papo hapo amempoteza mume wake. Huo ni msiba usio na matanga. Hakuna atakayekuja kulala nyumbani kwake siku tatu ili amlilie mtu ambaye yu hai.

Na hapa lazima niseme neno zito. Wako wakwe wasemao kwamba mke ndiye aliyeleta mkosi. Wako mashemeji wanaokuja siku ya kutoka fedha za askari, na siku ya kumgeuza kitandani hawaonekani. Jambo hili ni dhambi, nasi hatuwezi kulifunika kwa jina la mila. Hali kadhalika, mama mwenye kupigwa na mume aliyerudi na jeraha la roho asidhani kwamba uvumilivu wa Kikristo wamlazimisha kukaa chini ya fimbo. Na atoke, yeye na watoto, aende mahali pa salama, kisha awaite wazee, padre, na mganga ili mumewe atibiwe. Kumpenda mgonjwa si kuuacha ugonjwa wake uue nyumba nzima.

SHEMEJI WA LOYOLA

Labda mtu atasema: kazi hii ni ya chini, ya ndoo na matambara, yahusu nini na mambo makuu ya Mungu? Nami nitamjibu kwa habari za yule mtakatifu wa tarehe 31.

Tarehe 20 Mei 1521, katika mji wa Pamplona, Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja Inyasi mguu wa kulia na kumjeruhi wa kushoto. Alirudishwa kwao Loyola juu ya machela. Mifupa ilikuwa imeungwa vibaya, ikavunjwa tena na kuungwa upya. Mfupa mmoja uliochomoza ukakatwa kwa msumeno, na siku zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mtu asisikie maumivu. Alikaribia kufa. Nyumba ile ilikuwa ya kaka yake, na mama wa nyumba alikuwa shemeji yake, Magdalena de Araoz. Ndiye aliyemtunza kwa miezi ile mirefu.

Inyasi alipopata nafuu alichoka kulala, akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita, kama alivyozoea. Havikuwamo. Katika nyumba ya Magdalena mlikuwa na vitabu viwili tu vya kumpa: kimoja cha maisha ya Kristu, na kimoja cha maisha ya watakatifu. Inyasi alivisoma kwa kukosa vingine, na katika kuvisoma moyo wake ukageuka. Yaliyofuata twayajua. Shirika la Yesu likathibitishwa na Baba Mtakatifu mwaka 1540. Na miaka miwili baadaye mmoja wa wenzake wa kwanza, Fransisko Ksaveri, akapita Malindi katika pwani yetu hii akienda kuhubiri Bara Hindi.

Yote hayo yalianza kando ya kitanda cha askari aliyejeruhiwa. Wengi wamjua Inyasi. Ni wangapi wamjua Magdalena? Lakini Mungu amjua.

TAIFA LILILOHESABU

Sasa mtu mwingine atauliza: je, jambo hili laweza kutengenezwa, au ni msalaba wa kuvumilia tu? Tutazame kwa wengine waliolijaribu.

Huko Marekani, baada ya vita vya Iraki na Afuganistani, majeruhi wengi walirudi wakiwa hai kwa sababu ya ufundi mpya wa tiba. Waliokuwa wakifa zamani, sasa walipona nusu, wakapelekwa nyumbani. Wake na mama waliacha kazi zao ili kuwauguza. Walilalamika, wakasikilizwa. Tarehe 5 Mei 2010 rais wa nchi hiyo alitia sahihi sheria ya kuwasaidia wauguzaji wa nyumbani: kuwafundisha kazi hiyo, kuwapa posho ya kila mwezi, kuwapa bima ya matibabu wale wasio nayo, na kuwapatia mtu wa kushika zamu yao ili wapumzike, siku zisizopungua 30 kwa mwaka. Mwanzoni ilikuwa kwa majeruhi wa vita vya karibuni tu. Sheria nyingine ya mwaka 2018 ikafungua mlango kwa wale wa vita vya zamani, na mlango huo ukafunguliwa wote mwezi Oktoba 2022.

Mwaka 2014 wataalamu wa taasisi ya RAND walitoa hesabu yao: wauguzaji wa askari na wa waliokuwa askari nchini humo walikadiriwa kuwa milioni 5.5. Na katika wale wanaouguza majeruhi wa vita vya baada ya mwaka 2001, zaidi ya nusu walisema hawana mtu wala kundi la kuwasaidia mara kwa mara. Fikirini jambo hilo. Nchi tajiri, yenye hospitali na fedha, na bado zaidi ya nusu walikuwa peke yao! Wala msidhani huko sasa ni peponi. Familia nyingine zimelalamika kwamba zimeondolewa katika orodha ya msaada bila ya sababu ya kuridhisha. Walakini kitu kimoja walikifanya ambacho twapaswa kukiiga: waliwahesabu. Asiyehesabiwa hasaidiwi.

Twajua kwamba nchi yetu haina mali ya Marekani. Lakini sisi tunacho kitu ambacho wao wanakitafuta kwa shida, nacho ni ujirani. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wametuagiza tuwe na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba chache zinazojuana kwa majina. Wale zaidi ya nusu wa Marekani walikosa kundi la watu wa kubisha hodi. Sisi kundi hilo tunalo tayari. Limekosa kutumwa tu.

TUFANYEJE BASI?

Tufuate mambo matatu ya Msamaria.

La kwanza ni dinari mbili. Kila jumuiya iulize: je, katikati yetu yumo anayeuguza askari aliyeumia, au aliyekuwa askari? Jina lake liandikwe, la mwuguzaji pamoja na la mgonjwa. Kisha tujichunguze juu ya michango yetu. Harusi ikitangazwa, twaunda kamati, mwenyekiti na mweka hazina, kadi zasambazwa, na fedha nyingi zapatikana kwa ajili ya chakula cha jioni moja. Mtu akifa, twachanga pia. Lakini kwa nyumba yenye mgonjwa wa miaka kumi, ambaye hafi wala haponi, hakuna kamati. Sehemu ndogo tu ya michango ya harusi moja yaweza kununua godoro linalofaa, au kutengeneza kiti cha magurudumu kilichovunjika, au kulipa ada ya binti aliyeachishwa shule ili amsaidie mama yake. WAWATA na UWAKA, jambo hili lawahusu.

La pili ni gharama zinazozidi, yaani zile zisizohesabika kwa fedha. Usingizi hauuzwi dukani. Basi watu wawili wa jumuiya, na heri wawe wanaume ikiwa mgonjwa ni mwanamume, waende wakajifunze kwa mama mwenyewe namna ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha. Kisha kila Dominika, kwa zamu, wakae naye saa tatu ili mkewe aende Misa. Siku moja katika juma mtu mwingine ashike zamu ya usiku ili mama alale mpaka asubuhi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nyumba kumi zikigawana zamu, kila nyumba itapata usiku mmoja katika wiki kumi. Je, huo ni mzigo wa kutushinda?

La tatu ni kurudi. Ugonjwa ukiwa mpya wageni hujaa. Mwezi wa sita hupungua. Mwaka wa tatu huja padre peke yake, naye, kama nilivyoungama, aja na hostia moja. Tusiende kwa wingi siku ya kwanza. Twende kidogo kidogo, lakini tusiache. Na tukifika, tumwulize mgonjwa hali yake, kisha tumgeukie mwuguzaji tumwulize, “Na wewe, mama, u hali gani?” Halafu tunyamaze mpaka ajibu, maana jibu la kwanza litakuwa “Sijambo tu,” na jibu la kweli huja baadaye.

Kwa wenye mamlaka twasema kwa heshima: askari ametimiza wajibu wake, naye hana deni kwa taifa. Lakini haki yake haitimii ikiwa mkono unaomlisha unatetemeka kwa njaa. Kabla majeruhi hajaruhusiwa kutoka hospitalini, mkewe au mama yake afundishwe kwa siku kadhaa kazi inayomngoja, aambiwe dalili za hatari, na apewe mtu wa kumwuliza mambo yakimshinda. Mipango ya kuwatunza majeruhi iwataje wauguzaji kwa jina la kazi yao.

Na kwako, ndugu askari uliyeumia, nina neno moja. Najua kwamba ni uchungu kwa mwanamume aliyebeba silaha kuoshwa kama mtoto. Pengine uchungu huo hutoka kinywani mwako kwa ukali, na unaompata ni yule yule anayekuosha. Ulipokuwa kikosini ulijua thamani ya mwenzako aliyekaa macho ili wewe ulale. Mke wako yuko katika zamu hiyo, na hapana aliyekuja kumpokea. Mshukuru kwa kinywa chako, leo, kabla jua halijachwa.

KWAKO WEWE UNAYEUGUZA

Mwisho, nakugeukia wewe, mama, dada, au ndugu unayesoma gazeti hili kando ya kitanda, pengine kwa mwanga mdogo ili mgonjwa asiamke. Wengine wamekuambia kwamba kuchoka ni kukosa imani. La, hasha! Nabii Eliya alichoka hata akaomba afe, akalala chini ya kichaka jangwani. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika ampelekee mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Kabla ya kumpa kazi nyingine, alimpa usingizi na chakula. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alilala chomboni katikati ya dhoruba. Kupumzika kwako si kumwacha mgonjwa.

Pengine katika saa ya usiku mkubwa umewahi kutamani yote yaishe, ukaona hofu na aibu kwa mawazo hayo. Usiyafiche. Mwambie padre, mwambie rafiki unayemwamini, mwambie mganga ukiona huzuni haiondoki. Wengi waliokutangulia katika kazi hii wamepitia hapo. Na mtu akija kukuambia, “Nikusaidie nini?” usijibu “Hapana neno.” Mpe zamu.

Nami niimalize habari yangu. Ijumaa ya kwanza iliyofuata nilichukua hostia mbili. Mgonjwa alipokwisha kupokea, nilimgeukia mkewe. Alipiga magoti pale pale sakafuni, kitambaa cha kumfutia mumewe kikiwa bado begani, akapokea, na mumewe akamtazama akilia. Nadhani hata yeye hakuwa amefikiri kwamba mkewe naye alikuwa na njaa. Dominika iliyofuata wazee wawili wa jumuiya yao walikuja kukaa naye, na mama yule nilimwona kanisani, safu ya nyuma, amelala usingizi wakati wa mahubiri yangu. Sikumwamsha. Sijapata kuhubiri siku nyingine ambapo nilifurahi hivyo kuona mtu amelala.

Ndugu, Msamaria alisema atarudi. Siku ile Bwana atakapokuja kwa mara ya mwisho kuulizia majeruhi wake, atawalipa wenye nyumba wote kila walichozidisha, hata usiku mmoja hautasahauliwa. Lakini kabla ya siku hiyo ametupa sisi dinari zake mkononi, ili tuzipeleke. Tusikae nazo.

Mungu awabariki wanaougua, na wanaouguza.